Madada na Wadogo Zao: Shajara ya Mradi wa Newala, 2024–2025

Tunaiandika shajara hii kwa ajili ya wasichana wa wilaya nyingine wanaotaka kufanya kazi kama yetu: kukaa na wasichana wa sekondari kama madada walezi, wajifunze kusema na wabaki shuleni. Yaliyokwenda vizuri tumeyaeleza kwa kifupi. Yaliyokwama tumeyaandika kwa urefu, maana huko ndiko muda na fedha vilikopotelea. Jina la mtoto, la shule wala la kijiji hatulitaji. Gharama zote ni kwa shilingi za Tanzania.

Januari 2024: Watu na kibali

Tuko saba, wote wazaliwa wa uwanda huu wa Makonde, mkoani Mtwara, umri kati ya miaka 19 na 25. Mmoja ana kidato cha sita, wanne wana kidato cha nne, na wawili waliishia darasa la saba. Hawa wawili nawataja makusudi. Kila tuliyemweleza mpango alisema mlezi lazima awe na cheti, nasi tukakataa. Mmoja wao ni fundi cherehani, mwingine anaweka hesabu za kikundi cha hisa cha mama yake tangu akiwa binti wa miaka 16. Msichana anayeona haya kumwambia mwalimu jambo lake humwambia fundi huku akipimwa sketi.

Wazo la msingi si letu. Shirika la CAMFED, lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 na kufika Tanzania mwaka 2005, lina utaratibu wa wasichana waliomaliza shule kurudi katika shule za nyumbani kwao, wakajitolea kuwalea wadogo zao. Tulipenda jambo moja katika utaratibu huo: mlezi anatoka kijiji kilekile. Amepita njia ileile ya shule, amefanya palizi ileile, na mama yake anajulikana.

Shida tuliyokuwa tunaiona ni ukimya. Mtoto anatoka shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza ambako masomo ni kwa Kiingereza, na nyumbani mara nyingi ni Kimakonde. Wavulana hubahatisha majibu, wakikosea wanacheka. Wasichana hunyamaza. Ukimya huo wanaondoka nao darasani mpaka njiani, na njiani kuna watu wanaoutumia. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata ujauzito. Sisi tunawajua wa kwetu kwa sura.

Barua yetu ya kwanza tuliipeleka moja kwa moja kwa mkuu wa shule, ikalala mezani. Hakuwa na ubaya. Hakuweza kuruhusu watu wa nje wakae na wanafunzi bila halmashauri kujua. Njia iliyofanya kazi ni hii: barua ipite kwa mtendaji wa kijiji, kisha mtendaji wa kata, ndipo ifike kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, nakala kwa ofisa elimu sekondari na ofisa maendeleo ya jamii. Ambatanisha majina ya walezi wote, nakala za vitambulisho vya taifa, ratiba, na barua ya mdhamini wa kila mlezi. Nauli, kurudufu na bahasha: 38,000.

Machi 2024: Darasa la watu wengi

Tulianza na wasichana 48 wa kidato cha kwanza na cha pili, wote katika chumba kimoja, Jumamosi asubuhi. Tulikuwa na karatasi kubwa ukutani na mada za kujiamini, kujithamini na kuweka malengo. Tulizungumza sisi, wao wakaandika. Mwisho tuliuliza kama kuna swali, halikutoka hata moja.

Muda nao ulikuwa mbaya. Jumamosi asubuhi ni madrasa kwa wengi, na Februari na Machi ni palizi. Waliokuja walikuwa wale ambao nyumbani kwao kuna nafasi kidogo, na wale tuliowalenga wakabaki shambani. Ramadhani ilipoingia katikati ya Machi tukasimamisha, na kusimama huko kulitusaidia kupanga upya.

Mabadiliko yalikuwa matatu. Kwanza, tuligawa makundi sita ya wasichana wanane, kila kundi na dada mmoja, na dada wa saba akashika hesabu na kuziba pengo la anayekosekana. Pili, tulihamia Jumatano mchana, kipindi cha michezo na klabu, ambacho tayari kimo kwenye ratiba ya shule, kwa hiyo hakuna kazi ya nyumbani iliyochelewa. Tatu, lugha ni yoyote. Mtu aanze kwa Kimakonde, amalizie kwa Kiswahili, akitaka.

Mada za ukutani tukaziacha. Kila kikao kikawa na kazi moja ndogo ya kufanya kabla ya kikao kijacho: kumwomba mwalimu arudie alichoeleza, kumwambia muuza duka kwamba chenji imepungua, kumwambia dereva wa bodaboda "asante, natembea" pale anapotoa lifti. Kabla ya kwenda kuifanya, wanaigiza kwenye kundi, na dada anakuwa muuza duka mkali au dereva anayesisitiza. Wiki inayofuata kila mmoja anasimulia ilivyokwenda. Hapo ndipo maneno yalipoanza kutoka, kwa sababu sasa walikuwa na la kusimulia.

Madaftari 48: 48,000. Fulana saba za walezi: 105,000. Fulana hizo nitazirudia mbele.

Aprili 2024: Malalamiko ya akina mama

Baada ya Idi mama mmoja alimfuata mwenzetu nyumbani. Alikaa, akanywa maji, ndipo akasema: "Mwanangu tangu aanze kwenu, nikimkaripia ananitazama usoni. Ndiyo mnayowafundisha hayo?" Tulipoulizia, hakuwa peke yake. Binti mmoja alikuwa amechapwa na baba yake mdogo kwa kosa hilohilo.

Chanzo kilikuwa kijitabu tulichopewa na mtu wa semina mjini. Kilisema msichana anayejiamini husimama wima, humtazama mtu machoni na huanza sentensi kwa "mimi nataka". Kwetu mtoto akimkazia macho mkubwa anayemkaripia, hakuna anayesema huyu anajiamini. Wanasema mkaidi, na mkaidi hasikilizwi. Tulikuwa tunawapa wasichana namna ya kusema inayowafungia masikio ya watu walewale tunaotaka wawasikilize.

Tuliahirisha vikao vya wiki moja, tukawaita akina mama badala yake. Tuliwauliza swali moja: hapa kijijini, ni mwanamke gani akisema watu wananyamaza, na anasemaje? Walicheka, wakataja majina, wakaanza kubishana. Kisha mama mtu mzima kuliko wote akaonyesha. Aliinuka, akatoka nje, akabisha hodi, akaingia, akasalimia mmoja mmoja kwa kufuata umri, akauliza hali ya mashamba, akaketi, akanyamaza kidogo. Halafu akasema: "Nina neno langu, naomba mnipe nafasi." Sauti yake haikupanda. Alisema yote mpaka mwisho na hakuna aliyemkatiza, wala nadhani hakuna ambaye angethubutu.

Huo ndio ukawa mtaala wetu wa kusema. Salamu, kuomba nafasi, neno lenyewe, unachoomba kifanyike, shukrani. Macho yaelekee popote. Lakini kuna mambo matatu ambayo hatukuyalegeza, na akina mama walituunga mkono: usicheke ili kulifunika neno lako mwenyewe, usiombe samahani kwa kuwa unasema, na ukikatizwa, subiri, kisha urudi pale ulipoachia umalizie.

Kama kuna sehemu moja ya shajara hii ya kunakili, ni hii. Usichukue namna yetu ya kusema. Waulize akina mama wa kwako, kwa sababu kila kijiji kina wanawake wanaosikilizwa, na wanawake hao wamejifunza njia yao kwa miaka mingi mahali hapohapo.

Gharama: chai na mihogo ya kuchemsha, vilivyotoka kwa akina mama wenyewe.

Juni 2024: Kwa nyakanga

Kwa msomaji asiyeijua kusini: msichana akivunja ungo huchezwa unyago, na anayeusimamia ni nyakanga. Neno lake juu ya mabinti lina uzito kuliko la mwalimu au la mwenyekiti. Sisi tulikuwa tumekaa na mabinti za watu miezi kadhaa bila kumwendea. Mwishoni mwa Mei tukasikia kwamba amewaonya wazazi: kuna madada wanatoa ya ndani hadharani, mbele ya wavulana.

Haikuwa kweli, lakini hatukumpa sababu ya kujua kwamba si kweli. Tulienda na doti ya kanga, sukari na majani ya chai, tukamtanguliza shangazi wa mwenzetu mmoja ambaye ni mtu wake wa karibu. Jumla: 20,000. Tulieleza tunachofanya tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza, akauliza maswali makali kuliko ya ofisa yeyote: mnawaambia nini kuhusu wanaume, mnakaa wapi, nani anawaona, mkikosea nani anawakemea.

Tulitoka na makubaliano. Nyimbo na mafundisho ya unyago hatutayagusa, hayo ni yake. Yeye kwa upande wake atahakikisha ngoma za wanafunzi zinaanza na kuisha ndani ya likizo ya Juni au ya Desemba, asibaki mwali ndani shule ikiwa imefunguliwa. Na jambo ambalo hatukuliomba: atawaambia mabinti wanaochezwa, kwa kinywa chake, kwamba kuchezwa si ruhusa ya kuolewa wala ya kuchukuliwa na mwanamume. "Watu wamelipotosha hilo," alisema, "na lawama naibeba mimi."

Mwaka huo wasichana wote wa makundi yetu waliochezwa walirudi shuleni Julai siku za mwanzo. Kuna watu wanaofika vijijini kupiga vita unyago kwa jumla. Mimi nimechezwa, na siungi mkono njia hiyo. Ukimweka nyakanga upande wa pili, unamweka na mabinti wote aliowalea.

Agosti 2024: Taulo, na siri

Taulo za kufua nazieleza haraka. Fundi wetu alishona seti 48 za taulo tatutatu kwa 168,000. Za kwanza zilikuwa nene mno na hazikukauka kwa siku moja. Tena huku juu kiangazi maji ni ya shida: tunategemea Mradi wa Maji wa Makonde na visima vya kuvunia mvua, na kisima kikikauka ndoo inanunuliwa. Msichana akiambiwa achague kati ya ndoo ya kupikia na ndoo ya kufulia, jibu linajulikana. Tukapunguza unene, tukaongeza kitambaa cheusi cha juu kisichoonyesha doa, na kila kundi likakubaliana mahali pa kuanikia juani, chini ya kanga nyepesi. Kuanika uvunguni ndiko kulikowaletea wengine muwasho.

La siri ni zito zaidi.

Msichana alimwambia dada wa kundi lake jambo lililomfika njiani. Kabla ya kusema alimwapisha dada asimwambie mtu, naye akaapa, kwa upendo. Alikaa na neno lile moyoni, akitafuta namna ya kusaidia bila kuvunja kiapo. Alipotueleza, saa 72 zilikuwa zimepita. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio kama hilo zinatakiwa kuanza ndani ya saa hizo 72, na mapema ni bora zaidi. Hospitali walimpokea vizuri na wakampima. Majibu ya baadaye yalikuwa salama. Lakini hatukuwa na haki ya kutegemea bahati.

Tulimwita ofisa ustawi wa jamii akae nasi siku nzima. Nauli na chakula: 40,000. Tangu hapo kila kikao kinaanza kwa dada kusema maneno haya, na wasichana wanayajua kwa moyo: "Ukiniambia jambo linalohatarisha mwili wako au uhai wako, sitalitangaza. Lakini nitamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia, na wewe utajua ni nani." Tuliogopa kwamba wataacha kusema. Hawakuacha. Nadhani kujua mwisho wa njia kunampa mtu nguvu ya kuianza.

Utaratibu wetu sasa, kwa anayetaka kunakili: hospitali kwanza, wakati huohuo Dawati la Jinsia na Watoto polisi kwa ajili ya PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, na ofisa ustawi wa jamii apewe taarifa siku hiyohiyo. Madada wawili wanafuatana na mtoto, kamwe si mmoja. Namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure, imeandikwa kwenye jalada la ndani la kila daftari. Tumeweka 60,000 ya nauli ya dharura ambayo haiguswi kwa kitu kingine. Na yakija maneno ya "tumalizane kifamilia", dada hajibu yeye. Anayapeleka kwa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, ambayo ipo chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa dhidi ya ukatili.

Septemba 2024: Mengineyo

Makundi mawili yalikuwa yamehesabu vyoo. Wazo lilitoka kwa wasichana wenyewe baada ya kuulizwa ni kitu gani shuleni kinawakosesha vipindi. Walipata wasichana 212 na matundu matano. Kiwango kilichowekwa nchini ni tundu moja kwa wasichana 20, kwa hiyo yalitakiwa 11.

Tuliwapeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji wakaseme. Tulidhani kufika kunatosha. Lao likawekwa kwenye "mengineyo", jua lilikuwa limeshazama nusu, watu wanakung'uta kanga na kuondoka. Binti alisalimia, akaomba nafasi kama alivyofundishwa, akasema mbele ya viti vitupu. Siku iliyofuata hakuja kwenye kundi.

Hilo lilituuma. Msichana aliyejiandaa, akapewa nafasi isiyo na maana, anapata somo kinyume kabisa na tulilokusudia.

Oktoba 2024: Msimu wa korosho

Minada ya mwaka huu ilifunguliwa kwa bei ya zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, bei ambayo huku haikuwa imezoeleka. Fedha ni neema, nasi tuliifurahia. Ila mahudhurio yalishuka mara moja. Wasichana waliitwa kuokota na kubangua, pikipiki mpya zilijaa njiani, na zawadi za simu zikaanza kuonekana mikononi mwa watoto ambao wazazi wao hawakuzinunua.

Tulihamisha vikao vya baadhi ya makundi kwenda mikoroshoni. Dada anaokota pamoja nao, na wanaongea huku mikono inafanya kazi. Mahudhurio yalirudi, na mazungumzo yalikuwa bora kuliko ya darasani.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa kwa walezi. Mmoja aliolewa Masasi, mwingine akaenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Makundi yao mawili yalipoa kabisa. Tulijaribu kumpa kila dada posho ya 5,000 kwa wiki, tukaiacha haraka kwa sababu mfuko haukuweza na ugomvi ulianza. Kilichosaidia ni sanduku la hisa la madada wenyewe, lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na mkopo usio na riba kwa dada anayeanzisha biashara. Sasa kuna wa vitumbua, wa genge, na fundi ameongeza cherehani. Msichana mwenye shughuli hapa hapigiwi simu na wakala wa kazi za ndani akaondoka kesho yake.

Kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: ilisimamishwa mwaka 2023 na imerudi mwaka huu. Inahitaji kikundi chenye biashara na marejesho. Kulea hakuna marejesho ya fedha, kwa hiyo tumeamua kikundi cha biashara kisajiliwe peke yake, na kazi ya shuleni isiwekwe rehani.

Pia kila kundi sasa lina msaidizi wa kidato cha tatu anayekaa kando ya dada na kujifunza. Dada akiondoka, kundi halibaki yatima.

Desemba 2024: Baada ya uchaguzi

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27. Mgombea lazima awe na miaka 21 au zaidi na adhaminiwe na chama. Mwenzetu mmoja mwenye miaka 23 aligombea nafasi ya wanawake kwenye halmashauri ya kijiji, akashinda.

Mapema tuliandika kanuni: anayegombea anaacha kundi lake tangu anapochukua fomu mpaka matokeo yatangazwe. Kanuni hiyo ilitulinda. Kitu ambacho hatukukifikiria ni fulana. Rangi yake ilifanana na ya chama kimoja, na wiki ya kampeni wazazi wawili waliwatoa mabinti zao wakidhani tumegeuka watu wa siasa. Fulana zote tukazifungia ndani. Hizo 105,000 zingelipa nauli ya dharura ya mwaka mzima na zaidi. Anayeanza asinunue fulana. Sisi tunafunga kiunoni kipande cha kitenge kimoja cha rangi zilizochanganyika, na wazazi wale wawili wamerudi.

Januari 2025: Aliyerudi

Msichana wa kundi la pili alijifungua mwaka uliopita katikati. Wazazi wake waliamini shule imekwisha, kwa kuwa waliishika ile kauli ya zamani kwamba aliyepata ujauzito harudi shuleni. Tuliwapelekea Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, unaomruhusu mwanafunzi aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule za serikali. Baba aliusoma, akaurudia, akaukunja na kuuweka mfukoni.

Karatasi ilimfikisha getini tu. Mtoto alihitaji kunyonya, bibi alihitaji kwenda shambani, na siku ya kwanza darasani kulikuwa na minong'ono. Tulipanga hivi: madada wawili wanapokezana kumpeleka mtoto karibu na shule saa ya mapumziko; sare mpya ya 35,000 ililipwa na kikundi cha hisa cha akina mama; na wenzake wa kundi lake walikaa dawati moja mbele yake na moja nyuma bila kuambiwa na mtu. Hilo la madawati sisi tulilisikia kwa mwalimu.

Baba huyohuyo aliuliza kuhusu dada mkubwa wa msichana, aliyekuwa anapangiwa kuozwa akiwa na miaka 16. Tulimweleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndiyo iliyofungua mlango huo wa kumwoza binti chini ya miaka 18, kwamba mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikaona vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikakubaliana nayo. Na kama binti ni mwanafunzi, Sheria ya Elimu kwa marekebisho ya 2016 inamweka anayemwoa kwenye hatari ya kifungo cha miaka 30. Harusi haikufanyika.

Aprili 2025: Mkutano mkuu wa kijiji

Safari hii hatukungoja mengineyo. Agenda ya vyoo ilipitia Kamati ya Huduma za Jamii ya halmashauri ya kijiji, ikapelekwa kwenye halmashauri yenyewe, ikaingia kwenye tangazo la mkutano ikiwa namba tatu. Mwenzetu aliyechaguliwa alitueleza njia, lakini hoja aliiwasilisha mama wa mwanafunzi, ili isionekane ya kikundi. Wajumbe wa mkutano mkuu ni watu wa miaka 18 na zaidi, hivyo tulimwomba mwenyekiti mapema awakaribishe wasichana kama wageni wa kutoa taarifa. Alikubali. Nyakanga alikuja akaketi mbele.

Aliyesema ni yuleyule wa Septemba. Hatukumshawishi; tulimwambia nafasi ipo, akae na wenzake waamue, wakamchagua. Alisalimia wazee, akasalimia akina mama, akaomba nafasi. Alitaja 212, matano na 11. Akasema msichana akiwa kwenye siku zake hupanga foleni mpaka kipindi kinakwisha, na wengine hubaki nyumbani.

Mzee mmoja alimkatiza: watoto siku hizi wanafundisha wazee? Kukawa kimya. Alisubiri mpaka mzee akamaliza kabisa. Kisha akasema: "Shikamoo mzee wangu. Sijafundisha. Nimehesabu." Akaendelea kutoka pale alipoachia, akamaliza, akashukuru.

Mkutano uliamua wananchi wachimbe shimo, walete mawe na mchanga, na suala lipelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata ili halmashauri ya wilaya ipaue na kumalizia. Mzee yule alijitolea trekta la mwanawe kubeba mchanga.

Julai 2025: Hali ilivyo na hesabu

Shimo limechimbwa, kuta za matundu sita zimesimama. Bati hazijaja. Halmashauri imetujibu kwa barua kwamba limeingizwa kwenye bajeti, na kundi la wasichana wanne wanaandaa barua ya kuulizia kila baada ya wiki chache. Barua wanaiandika wao.

Kati ya wasichana 48 wa mwanzo, 41 wako shuleni na bado wanakuja. Wanne walihamia shule nyingine. Watatu wameacha masomo, na mmoja kati yao hatujui aliko. Dada yake wa kundi bado anafuatilia kwa ndugu zake wa Mtwara mjini.

Matumizi tangu mwanzo: kibali 38,000, madaftari 48,000, fulana 105,000, hodi kwa nyakanga 20,000, taulo 168,000, ustawi wa jamii 40,000, nauli ya dharura 60,000, vocha za simu 45,000. Jumla 524,000. Sare ya 35,000 haimo kwa sababu haikutoka kwetu. Sehemu kubwa ya fedha ni michango yetu ya kila wiki, na 150,000 ni ya kikundi cha hisa cha akina mama. Kwa hesabu hiyo, ukiacha fulana na ukipata kitambaa cha taulo kwa bei ya jumla, wasichana 48 wanaweza kulelewa mwaka na nusu kwa chini ya 400,000.

Ambalo halijakaa sawa ni wavulana. Wanatuuliza kwa nini wao hawana kundi, na swali ni la haki. Kaka wawili waliomaliza kidato cha nne wamejitokeza. Kibali chao kimeanza safari kwa mtendaji wa kijiji, na mtaala wa kusema wanautafuta kwa wazee wa kiume, kama sisi tulivyofanya kwa akina mama. Makundi mapya ya kidato cha kwanza yanaanza shule ikifunguliwa, na madada wake wawili ni wasaidizi wa mwaka jana ambao sasa wako kidato cha nne. Wao watakaa na makundi mpaka Septemba tu, kisha tutawaacha wasome kwa ajili ya mtihani.